Mazoezi ya Ofisi Yaliniibia Mgongo wa Kandida

Moyo unagoma kukubali, jamani. Kandida wangu tumemzika jana hapa Ifakara, na leo simu imejaa picha zake akiwa na tisheti ya mazoezi. Ninyi wa ofisini mnaandika "coach wetu." Wenu tangu lini?

Mimi shule sikwenda, herufi nilifundishwa kanisani nikiwa tayari bibi. Mtanivumilia.

Tulikuwa tunachagua mchele pale mashineni, mkeka mmoja. Kutwa umeinama, unatoa mawe. Jioni namkanda mgongo, naye ananikanda. Ule mgongo niliujua kuliko marehemu mumewe.

Wakaja watu wa HR wa ofisi ya mashine na wellness yao, eti mazoezi ya afya. Kila asubuhi kabla ya kazi: nyoosha mikono, zungusha kiuno, ruka. Nikasema, "Nimelima mpunga maisha yangu yote, leo nirukishwe kama chura?"

Kandida akacheka. "Basi kaa hapo uote kutu, mtani." Akaenda.

Akanoga! Mwishowe yeye ndiye anapuliza filimbi, mameneja wanamfuata kama vifaranga.

Jioni moja nikamwambia, "Lala nikukande."

"Hauumi tena, mtani."

Hauumi! Alifurahi huyo, meno yote nje. Mimi nilifika nyumbani sikula.

Na msizushe kwamba mazoezi yamemuua. Ni presha, aliyokuwa nayo siku nyingi. Mazoezi yalimponya mgongo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Jana msibani, mimi Mpogoro, yeye Mngoni, makabila ya watani, kazi yangu ni kumwigiza marehemu watu wacheke. Nikafunga khanga kiunoni, filimbi mdomoni, nikaanza kuruka.

Binti mmoja wa ofisini akaninong'oneza, "Bibi, shikamoo. Coach alikuwa anaanza na shingo."

"Wewe ni mtani wake?"

"Hapana, bibi."

"Basi funga mdomo."

Lakini nikaanza upya na shingo. Wale wa ofisini wakajipanga nyuma yangu, wakafuata mpaka mwisho, hata pale niliposahau. Watu walicheka, kisha wakalia. Nami nililia, nusu kwa uchungu, nusu kwa wivu: walikuwa na Kandida wa asubuhi ambaye sikuwahi kumwona.

Haya, mtani, nenda. Huko uliko ukiumwa mgongo, vumilia tu. Asikukande mtu mpaka nije.

Lala salama.