Geti Tulilofunga Kiwanjani Mpemba

Wenzangu tuliokulia Mpemba, karibu na boda ya Tunduma, kipindi malori yanapanga foleni mpaka unasahau mwanzo wake uko wapi, hebu kikumbukeni kile kiwanja chetu cha nyuma ya godauni la mahindi. Enzi zetu hakukuwa na mtoto wa kushinda ndani. Ukikaa ndani mchana, mama anakushika paji la uso kuona kama una malaria. Mwezi wa sita baridi inakung'ata masikio, midomo imepasuka, vumbi limekupaka mpaka magotini, na bado unakimbia kifua wazi. Harufu ya dizeli ndiyo iliyokuwa manukato yetu. Watoto wa siku hizi wakiisikia wanauliza nani kaharibika tumbo.

Kiwanja kile wazazi walikijenga kwa mikono yao. Akina mama walibeba mchanga. Mafundi wa malori walichomelea bembea kwa vyuma vya chesisi, wakaning'iniza tairi la trela kwa minyororo. Pembeni wakalaza ubavu wa bodi la trela, ukawa wa kutelezea. Jua la saa saba likishaupiga, unateleza huku makalio yanakaangwa. Na wala hawakujenga kwa kutudekeza, wale wazee mapenzi yao yalikuwa fimbo. Walijenga kwa sababu tulikuwa tunacheza chini ya malori. Lori likisimama kwenye foleni siku tatu, kile kivuli mtoto anakiona sebule. Baba yangu hakuwa mtu wa maneno mengi, ila akija kututoa kule na mkanda wake alikuwa anasema, "Lori lililosimama siyo nyumba. Lina dereva."

Mchezo wetu mkubwa haukuwa rede wala kombolela. Ulikuwa boda. Tunachora mstari kwa kisigino: huku Tunduma, kule Nakonde, Zambia. Mmoja anakuwa ofisa, kofia yake ya mfuko wa saruji, wengine wote malori. Unakuja unanguruma, unapiga breki kwa mdomo, tssss, mpaka mate yanamrukia ofisa.

"Umebeba nini?"

"Shaba."

"Karatasi ziko wapi?"

Unatoa jani la mparachichi, anakugongea muhuri kwa gunzi, unavuka. Upande wa pili wanakupokea, "Mulishani mukwai!" kama Wabemba wenyewe wanavyosalimia. Njaa ikiuma, mwenye kipande cha kikanda, kile cha mizizi na karanga walichopika mama zetu, anang'ata halafu anapitisha kwa mwenzake. Kinazunguka watoto wanane na kinatosha, sijui kilikuwa kinatoshaje. Ofisa mara nyingi nilikuwa mimi, kwa sababu ya huu mdomo.

Tukamaliza darasa la saba. Sekondari ikachagua watu wake, mimi na rafiki yangu Boni na wengine watatu tukabaki kiwanjani. Miaka kumi na tano, sauti zimekuwa nzito, kazi hatuna. Tunalikalia lile tairi watatu kwa mpigo bila hata kubembea. Watoto wadogo wakija wanatuudhi na kelele zao, kama vile sisi tulizaliwa na ndevu. Ndipo mimi, mwenye akili za haraka, nikaleta wazo. Nikachukua kamba ya turubai, nikaifunga pale penye njia ya kuingilia, kutoka kona ya godauni mpaka kwenye mkaratusi.

"Boda imefunguliwa," nikatangaza. "Kila mzigo ulipiwe ushuru."

Watoto walifurahi, walidhani tumeamua kucheza nao. Wa kwanza akaleta jani. Nikamwambia, "Hilo mpelekee mbuzi. Hapa tunapokea andazi."

Basi ikawa hivyo. Mwenye andazi anakatwa nusu, mwenye muwa anaacha pingili mbili, asiye na kitu mzigo wake umekwama, ageuze. Tulicheka jamani. Tulishiba na kucheka.

Wiki zikaenda, mambo yakachafuka. Boni akaanza kuja na bangi na vile vichupa vya pombe kali kutoka ng'ambo. Chupa zikiisha zinapasuliwa palepale watoto wanapotua wakiteleza. Mtoto akibisha getini anakula kofi, au anavuliwa kaptula wenzake wamzomee. Kuna siku mmoja wetu alijisaidia juu ya lile bodi la kutelezea. Siyo mimi. Lakini nilicheka mpaka nikakaa chini, kwa hiyo sina cha kujivunia.

Mama Yusta ndiye aliyekuja kutusema. Alikuwa anapikia madereva wali maharage pale barabarani, akaja na upawa mkononi.

"Nyie, mchanga wa hapa nimeubeba kichwani na mimba tumboni. Leo mnawafukuza watoto. Wakachezee wapi?"

Nikamjibu, "Mama, si wavuke tu Nakonde? Kule hakuna ushuru."

Boni alianguka chini kwa kicheko. Hata mama mwenyewe midomo ilimcheza kidogo. Akaondoka na upawa wake, mimi nikajiona bingwa.

Yusta alikuwa mwanawe, miaka sita. Siku mbili baadaye akaja mchana, peke yake, kabeba mgongoni mdoli wa gunzi kwa kipande cha kanga. Akasimama mbele ya kamba.

"Umebeba nini?" nikamuuliza.

"Mtoto."

"Ushuru wake?"

Akaangalia viganja vyake. "Leo sina, kaka. Nitaleta kesho."

"Basi mzigo umekwama. Geuza."

Hakulia. Alishika usukani wa hewani, akanguruma kama lori, akageuza, akaenda. Yeye alikuwa bado anacheza.

Alikwenda kwenye foleni. Kulikuwa na kivuli chini ya trela, akatandika kile kipande cha kanga amlaze mtoto wake. Foleni ikasogea hatua tano sita, kama inavyosogea kila siku. Tuliposikia mayowe tulikimbia kuangalia, kama tulivyokuwa tunakimbilia kila kitu. Mguu wenyewe sitausimulia. Walikuja kuukata juu ya goti.

Dereva, baba mtu mzima kabisa, alikaa chini kwenye lami analia, huku watu wameshaokota mawe. Wote walikuwa wanamlaani yeye. Hakuna aliyeuliza mtoto alifuata nini kule. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao jibu ninalo, na mdomo wangu wote ule haukutoa hata neno.

Mama Yusta alijua, mwanawe alishamweleza. Aliporudi kutoka hospitali nikajipeleka. "Shikamoo, mama." Hakuitika. Alinitazama, akasema, "Wewe si unajua kuchekesha? Haya. Nichekeshe."

Kamba niliifungua siku ileile ya ajali, lakini watoto hawakurudi tena. Nani angerudi? Kiwanja kikabaki cha akina Boni, halafu cha wadogo zao, halafu cha wadogo wa wadogo zao.

Sasa nina miaka ishirini na nane, naziba pancha palepale barabarani, nina binti wa miaka mitano. Juzi mtaa uliitisha kikao juu ya vijana wa kiwanjani. Wanavuta gundi, wanabeti, wanawatukana wasichana wanaopita kwenda kisimani. Mwenyekiti akaniomba na mimi niseme, maana nikisimama kikao kinachangamka. Nikasimama.

"Enzi zetu, ndugu zangu, vijana tulikuwa na adabu. Siyo hawa ambao hata suruali zao zimekata tamaa ya kupanda!"

Watu wakacheka. Halafu nikamwona Yusta kwenye benchi la nyuma, magongo yake kayaegemeza ukutani. Ni dada mkubwa sasa, fundi cherehani. Nikakwama.

"Endelea, kaka," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Na mimi nataka kuzisikia hizo enzi zenu."

Nikazisema. Kamba, andazi, kaptula za watoto wa watu, na jinsi nilivyomwambia ageuze. Mzee mmoja alivua kofia akaivaa tena. Mwenyekiti akasoma makaratasi yake kana kwamba yameandikwa upya. Kikao kikafungwa hivyohivyo.

Yusta alinisubiri nje. Nilianza kuomba msamaha, akanikata.

"Mimi nina swali moja. Ungepungukiwa nini ungeniacha nipite?"

Akaweka magongo yake sawa kwapani, akaondoka.

Kesho yake nilikwenda kiwanjani. Minyororo ilishauzwa kama chuma chakavu, tairi walilichoma wakati fulani wa baridi. Vijana kama kumi wamekaa kwenye vigae vya chupa kana kwamba ni majani. Nikawaambia hapa ni pa watoto, waondoke. Mmoja, ndevu bado hazijaamua kuota, akanitazama kwa mshangao.

"Watoto gani, mzee baba? Sisi tangu tupate akili hapa ni maskani."

Haikuwa jeuri. Alikuwa anauliza kweli. Hajawahi kumwona mtoto pale hata mmoja.

Wenzangu, tukikutana tunapenda kusema kizazi hiki kimeharibika, na mimi ndiye wa kwanza kuwatania. Lakini hawa hakuna aliyewabebea mchanga. Wamekuta vumbi, vyuma vilivyopinda na harufu ya mkojo, wakakaa. Sisi tulibembea pale, tuliteleza pale mpaka kaptula zikatoboka, na tuliambiwa na wazazi wetu kwa nini kimejengwa. Wale hawajui walichokikalia. Sisi tulijua.