Waliokuwa Wakinihesabia Siku

Miaka ile ya wakimbizi nilipangiwa kazi Kigoma, nikitokea Singida, na kazi yenyewe ilikuwa kukaa nyuma ya dirisha lenye nondo katika kituo cha wakimbizi karibu na ziwa, nikiandika vibali. Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka bila karatasi yangu. Akitaka kwenda Kibirizi kutafuta dagaa, karatasi. Akitaka kwenda hospitali mjini, karatasi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na watu wenye umri wa mama yangu walikuwa wakinisubiri juani.

Sikuwa na mtu Kigoma. Nilipanga chumba mtaa wa Mwanga, nikajifungia humo na redio. Jumapili nilikwenda stesheni kutazama treni ikiingia, si kwamba nampokea mtu, nilitaka tu kusikia abiria wakishuka, huenda mmoja akaongea Kinyaturu, lugha ya kwetu. Siku moja nilikisikia kweli, kwa mama aliyekuwa akigombana na mpagazi. Nilimfuata hadi nje ya geti, nikaona haya kumsemesha, nikarudi chumbani.

Kila mwezi, siku chache kabla ya hedhi, nilikuwa nageuka mtu mwingine. Maziwa yaliuma hata nguo ikigusa, tumbo lilijaa, kiuno kilivuta, na hasira zilinipanda bila sababu. Nyumbani nililia kwa ajili ya ugali uliofanya mabonge. Kazini sikulia, niligomba. Shikamoo nilikuwa siitoi hata kwa vikongwe. Nilijaribu vidonge vya mitishamba kutoka duka moja la dawa mjini, kopo lake limejaa ahadi tamu, lakini vilinifanya nicheue tu. Wa kumweleza sikuwa naye. Wenzangu ofisini walikuwa wanaume watupu, na mama yangu barua zilimfikia baada ya wiki tatu.

Katika siku hizo mbaya, Ijumaa moja, alikuja mwanamke wa makamo kutoka Rumonge, ng'ambo ya mpaka. Aliomba kibali cha kwenda Ujiji kumwona dada yake, ambaye alikuwa mgonjwa. Nilikuwa natafuta kalamu, naye akashusha pumzi. Ni hilo tu alilofanya. Nikamwambia kama amechoka kusubiri, arudi Jumatatu. Jumatatu hakuja. Mlinzi ndiye aliyeniambia kwamba yule dada alizikwa Jumamosi. Nilitaka kwenda kumpa pole, nikashindwa, kwa sababu ningeanzaje?

Yule mama hakuonekana dirishani miezi kadhaa. Wakati huo nilikuwa nimeshagundua kwamba kuna siku foleni yangu inakuwa fupi mno, watu sita, saba. Nilidhani ni siku za mgao wa chakula.

Kisha akaja, saa ya mapumziko, hakuna mwingine. Hakuomba kitu. Alipitisha katikati ya nondo kikopo cha maziwa ya unga, ndani yake mna unga wa mizizi wa rangi ya kahawia.

"Madamu, hii ni dawa ya wanawake," alisema. "Kijiko kimoja kwenye uji, asubuhi na jioni. Uanze Alhamisi."

Nikamuuliza kwa nini iwe Alhamisi.

"Kwa sababu Jumatatu yake ndiyo unaanzaga ukali."

Nikamuuliza nani kamwambia habari zangu.

"Hakuna aliyeniambia. Tunahesabu wote. Mwenye shida inayoweza kungoja, siku zile haji."

Niliona aibu ambayo hadi leo nikiikumbuka masikio yananichoma. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui tarehe zangu, kila mwezi zilikuwa zinanishtukiza. Kumbe kituo kizima kilikuwa kinazijua. Na pamoja na aibu hiyo, nikiri tu, kuna sehemu yangu iliyofurahi, kwa sababu tangu nifike Kigoma nilikuwa naamini kwamba hakuna anayejua kama nipo.

Nilijaribu kumwomba radhi kwa ajili ya dada yake.

"Binti yangu anajifungua mwezi ujao," alisema. "Kwa mtoto wa kwanza walimpasua. Wamesema safari hii aende hospitali mapema, asingoje uchungu. Nimepiga hesabu, siku ya kuja kuomba kibali inaangukia kwenye siku zako. Sikuja kwa kukupenda, madamu."

Kisha, bila kuombwa, akachovya kidole kwenye kikopo, akalamba. Kwao anayekupa kinywaji huonja kwanza, uone kwamba hana nia mbaya. Baada ya niliyomtendea, alijua nitakuwa na wasiwasi, na alijua vizuri. Akanipimia vijiko kadhaa kwenye karatasi, akaondoka na kikopo chake.

Nilianza Alhamisi. Unga ulikuwa mchungu, uji haukuuficha. Siwezi kuapa kwamba ni mizizi iliyonisaidia. Labda ni kule kujua tu kwamba hasira inakuja Jumatatu, nikawa naingoja kama mgeni niliyeshapewa taarifa yake. Maziwa yaliendelea kuuma. Lakini kiuno kililegea, na maneno yakawa yanafika kooni nayameza.

Mwezi uliofuata yule mama alikuja na binti yake, tumbo limeshuka. Nikawahi kumwamkia, shikamoo mama. Akaitikia marahaba, akaipokea karatasi ya watu wawili, akaisoma mara mbili kabla ya kuondoka. Wiki mbili baadaye alipita dirishani akasema, "Ni msichana," akaenda zake.

Tangu hapo akawa anakuja kila mwezi. Ananipimia vijiko kadhaa kwenye karatasi, anataja siku, anaondoka. Mara moja nilimkaribisha chumbani kwangu Mwanga, nimpikie migebuka, samaki wa ziwani. Akacheka, nikamwona meno kwa mara ya kwanza.

"Na kibali uniandikie wewe mwenyewe?" aliuliza. "Hapana, madamu. Tuache hivi hivi."

Sikurudia kumwalika. Iliniuma kuliko kiuno.

Kwao kulipotulia, ikaletwa meli ya kuwarudisha. Nilikuwa bandarini nikitia alama kwenye majina. Alipofika, mjukuu mgongoni, alinipa kikopo chote, na unga uliobaki ulikuwa umefunika kitako tu. Nikamuuliza ni mti gani, ili nitafute. Akasema unaota milimani kwao, huku hajauona. Unga huo alivuka nao kwenye mtumbwi, umefungwa kwenye pindo la kitenge, kwa ajili ya binti yake, ambaye naye husumbuliwa.

"Jumanne," akasema. "Anza Jumanne."

Nyuma yake watu walikuwa wanasukumana. Nikatia alama kwenye jina lake, akapanda.

Jumanne nilikunywa uji wangu, nikafungua dirisha saa mbili kamili, nikakaa hadi mchana. Hakuja mtu. Safari hii hawakuwa wananikwepa, walikuwa wamekwenda kwao. Unga uliisha mwezi huohuo. Siku zangu nikaanza kuzihesabu mwenyewe, kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, na mara nyingi nilikosea.