Mwosha na Ufa Uliofichwa kwa Lami

Jua ndio kwanza linagusa ukuta wa ua, na mama mmoja aliyevaa ovaroli ya buluu iliyofifia anasimama mbele ya pikapu kuukuu. Hamsalimii mtu. Anaweka kiganja juu ya boneti, anakipitisha kwenye rejeta, kisha anakiingiza ndani kwenye ubavu wa injini, kama mzazi anayempima mtoto homa.

"Ya baridi," anasema. "Haya sasa, hamjambo?"

Watu watatu wanaomtazama wanashusha pumzi. Salamu imekuja, maana yake kazi itaendelea. Angekuta injini ina joto, angegeuka na kurudi kwake bila kugusa kitu kingine. Anasema mwuzaji anayewasha gari kabla ya mkaguzi kufika ana jambo ambalo joto linamsaidia kulificha.

"Injini ikishapata moto inasahau maumivu yake," anaeleza. "Mimi nataka kuiona inapoamka, kabla haijanawa uso."

Anaitwa Mwosha. Huitwa na watu wanaotaka kununua magari ya kazi ya zamani, yale ya kubeba magunia, mbao na watu kwenye njia mbaya. Magari hayo yamepita mikono mingi, na kila mkono umeacha siri yake. Kazi ya Mwosha ni kusema gari lina hali gani hasa, chini ya rangi.

Hulipwa na mnunuzi kabla hajaanza, na malipo ni yale yale, aseme chukua au aseme acha. "Ukinilipa baada ya kusema, utakuwa unanunua maneno," husema. Kuna miezi haitwi hata mara moja, na hapo hurudi kushona magunia ili jiko liwake.

Alianza na beseni. Alipoingia gereji akiwa msichana, alipewa kazi ambayo mafundi hawakuitaka, kuosha vipuri kwa dizeli. Ngozi ya vidole vyake imepasuka hadi leo.

"Walikuwa wanapasua gari lililokufa, wananiletea viungo vyake kwenye beseni," anakumbuka. "Pistoni zilizokwaruzwa, gia zilizong'oka meno. Nikawa najiuliza, huyu kaponzwa na nini? Maji? Mzigo? Uchoyo wa oili? Siku moja nikamwambia fundi mkuu, 'Hili limeuawa na dereva anayeegesha mguu kwenye klachi.' Wakacheka mpaka wakakaa chini. Wakasema huyu haoshi vipuri, anaosha maiti."

Jina likabaki. Wapo wanaomtania kwa methali kwamba mwosha naye huoshwa. Yeye huwajibu, "Siku hiyo mnioshe kwa sabuni, jamani. Dizeli nimeichoka."

Pikapu ya leo ina umri mkubwa kuliko dalali anayeiuza. Boneti yake ni ndefu, milango inafungwa kwa komeo, na magurudumu yote manne yanavuta. Imepakwa rangi ya kijani inayong'aa hata unaiona sura yako.

Mwenye nayo ni mjane. Mumewe, aliyekuwa dereva wa kukodiwa, aliiendesha tangu ujana wake mpaka alipofariki mwaka jana. Mjane anasimama kwenye kizingiti cha jiko, mikono kifuani. Anasema haiuzi kwa shida peke yake. "Kila nikifungua mlango naikuta inanitazama," anasema. "Bora iende ikafanye kazi."

Mnunuzi ni mwenye kitalu cha miche ya miti. Hupeleka miche milimani, pamoja na wapandaji, na mmoja wa wapandaji hao ni mkewe. Gari lake la kwanza lilikatika chesisi, yaani uti wake wa mgongo, likiwa katikati ya mteremko. Hakufa mtu, lakini mkewe anachechemea mpaka sasa.

"Sitafuti gari zuri, mama," anamwambia Mwosha. "Natafuta gari ninaloweza kumpandisha mke wangu, nami nikala chakula kikashuka."

Dalali anapiga kofi mlango wa pikapu. "Mama, hebu lione lenyewe! Bibi harusi huyu!"

"Namwona," anajibu Mwosha. "Ila bibi harusi gani anapakwa poda mpaka kwenye nyayo?"

Anatoa sumaku aliyoivisha soksi ili isikwaruze rangi, anaitembeza polepole juu ya bati. Inashika, inashika, kisha kwenye pembe ya mlango wa kushoto inateleza na kuanguka kiganjani. Hapo ndani hakuna chuma, kuna puti, ule udongo wa kujazia palipobonyea. "Kidonda kidogo," anasema. "Hakiui."

Anaomba injini iwashwe. Inakohoa, inatoa wingu dogo la moshi mweupe, kisha inatulia. Mwosha anachukua bisibisi ndefu, ncha anaiweka kwenye injini, mpini anauweka sikioni. Anafumba macho. Anahama sehemu moja hadi nyingine huku midomo ikichezacheza. Hata dalali anasahau kutafuna kijiti chake.

"Huyu alikuwa anabadilishiwa oili kabla hajaomba," anasema, macho bado kayafumba.

Mjane anaangalia pembeni.

Kisha Mwosha anatandika gunia na kuingia uvunguni na kinyundo. Anagonga chesisi kuanzia mbele kwenda nyuma. Ting. Ting. Ting. Sauti ni safi, kama kengele ya baiskeli. Anapofika karibu na springi za nyuma, inabadilika. Tup.

Anagonga tena. Tup.

"Mwanangu," anamwita dalali kutoka chini. "Hii lami ni ya lini?"

"Ya kuzuia kutu hiyo, mama."

"Sijakuuliza ya nini. Nimekuuliza ya lini."

Dalali anakuna kisogo. "Juzi."

Kisu kinasikika kikikwangua. Vipande vya lami mbichi vinadondoka, na chini yake unatokea ufa mwembamba kama unywele, unaopanda kutoka ukingo wa chini wa chesisi.

Mwenye kitalu anachungulia, anainuka, anajipangusa magoti. "Basi. Nimeshaona. Asanteni kwa muda wenu." Anamgeukia mjane. "Mama, pole kwa msiba, lakini marehemu angetuua."

Mjane anatoka kizingitini. Sauti yake haipandi. "Ukipunguza bei, nitakubali. Usiponunua, nitakubali. Lakini usitoke hapa ukasema mume wangu alikuwa tapeli. Mume wangu hakuwa tapeli."

Habari za magari katika mitaa hii hutembea haraka kuliko magari yenyewe, na aliyekufa hana mdomo wa kujitetea.

Uvunguni kisu kimeacha kukwangua. Mwosha anafuta kitu kwa kitambaa, taratibu mno.

"Nipeni tochi," anasema hatimaye. "Halafu wewe mwenye miche, rudi ulale hapa. Na wewe, dada yangu. Njoo."

Wanaingia, mmoja kulia na mwingine kushoto, mjane akiwa amejilaza kwenye gunia na nguo zake safi. Mwosha anamulika mwisho wa ufa. Pale unapoishia pana tundu dogo la duara, saizi ya punje ya dengu, kingo zake zimelainishwa kwa tupa.

"Ufa wa chuma hutembea," anasema. "Ncha yake ni kali kama wembe, kwenye kila tuta inakata kidogo. Ukiuwahi, ukatoboa tundu pale pale unapoishia, ule ukali unakosa pa kushika. Unasimama. Lakini uikose ncha kwa upana wa unywele, umefanya kazi bure. Huyu hakukosa." Anapitisha kidole juu ya tundu, kama mtu anayegusa kope za mtoto aliyelala. "Wenzetu huziba ufa. Huyu aliutoboa."

"Utajuaje hautembei?" anauliza mwenye kitalu.

"Angalia upande wa pili wa tundu. Kuna kitu?"

Anaangalia muda mrefu. "Hakuna."

"Na hii ni grisi. Ya ndani imekuwa gamba jeusi, hiyo ni ya miaka. Ya juu bado laini. Alikuwa anarudi kuufuta, kuutazama, anaupaka tena. Mpaka karibu na mwisho wake."

Mjane bado amelala chini, tochi ikimmulika nusu ya uso. "Alikuwa anaingia humu kila wiki na kitambaa," anasema. "Nikawa nadhani anakimbia maneno yangu." Anacheka. "Halafu akaacha kubeba mchanga. Akaacha mawe. Akawa anabeba mboga tu na makochi ya watu wanaohama. Ndugu zake mwenyewe wakamwita mvivu. Walisema hivyo hata kwenye matanga yake. Yeye akiulizwa anatabasamu."

"Hakuwa mvivu," anasema Mwosha. "Alikuwa anajua."

Mwenye kitalu anapotoka uvunguni, anampa mjane mkono kumwinua, na hauachii upesi.

Mwosha hutoa hukumu mara moja tu, akiwa amesimama, mwuzaji na mnunuzi wakisikia pamoja. Anasema injini ni nzima, giaboksi ni nzima, mlango una puti. Ufa upo na ni wa kweli. Asipande mtu nyuma kabla ya chesisi kuungwa bamba la chuma. Baada ya hapo, milima wataipanda.

"Mimi nilitaka kulipendezesha tu," dalali ananong'ona.

"Najua, mwanangu. Umepaka lami juu ya kitu bora kuliko vyote ulivyokuwa navyo vya kuuza."

Wanapatana hapo hapo uani. Bamba litaungwa kwanza, kwa gharama ya mjane, ndipo pikapu itoke. Mjane anasema ndugu za mumewe atawaita waje walione tundu kabla ya siku hiyo. Gunia la kulalia analo.

Mwosha amekagua magari tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na anasema tundu kama lile amelikuta mara chache, lililo safi namna ile hajawahi. Wiki ijayo ana mpango wa kwenda kwa mchomeleaji, ingawa hakuna atakayemlipa. Atasimama pale mpaka moto uzimwe, kwa sababu anawajua wachomeleaji, wakiona tundu wanataka kulijaza.

"Bamba nitalikatisha kidirisha, tundu lionekane," anasema, akikunja gunia lake. "Pikapu hii itauzwa tena, mimi nikiwa sipo. Yule atakayelala chini yake, namtaka amkute huyu bwana yuko kazini."