Ushuhuda Niliopaswa Kuumeza

Mimi ni mwanamke wa maneno. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani nilizaliwa mpole kisha nikaponzwa na bahati mbaya. Kwetu Rabai walikuwa wakinitania nikiwa mtoto kwamba ulimi wangu huamka kabla yangu, na sidhani walikosea.

Miaka ile ya tisini nilikuwa nimepanga chumba kimoja Majengo na nikifanya kazi Mji wa Kale, katika nyumba moja ya Kibokoni. Nimesema Kibokoni, huenda ni Kibokoni, huenda si Kibokoni. Mwenye nyumba alikuwa mama mzee ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa. Kiharusi kilikuwa kimempiga upande mmoja, hawezi kusimama wala kujipindua. Aliishi na binti yake, mjamzito wa miezi miwili, ambaye daktari alikuwa amemkataza kuinua kitu chochote kizito. Ndipo nikatafutwa mimi. Kazi yangu ilikuwa kumwosha Bi Mkubwa, kumvisha, na kumgeuza kitandani kila baada ya saa mbili. Daktari alisema mbele yake mwenyewe, bila kuficha, kwamba mtu wa kulala vile asipogeuzwa huota vidonda, na vidonda hivyo ndivyo humuua, wala si kiharusi.

Jamaa walinong'ona. Vipi Mkristo auone mwili wa mwanamke wa Kiislamu? Bi Mkubwa ndiye aliyekata shauri. Siku ya kwanza aliniuliza kwa ule mdomo wake uliopinda, "Wajua kukaza mkono pasi na kumuumiza mtu?" Nikajibu najua. "Haya. Anza."

Nikaanza, na kazi niliifanya vizuri, sitajidharau. Maji nilikuwa nikiyapima kwa kiwiko, sabuni naipaka kwa kitambaa na si kwa dodoki, na kila nikiosha sehemu moja, sehemu nyingine zote nazifunika kwa kanga. Hilo la kufunika alinifundisha yeye. Akiona kanga imeteleza hata kidogo, alikuwa akiniangalia tu mpaka niirudishe.

Kanisani kwetu, upande wa Tudor, akina mama tulikuwa tukikutana Alhamisi alasiri. Uchaguzi wa mwenyekiti ulikuwa unakaribia, na mimi nilikuwa nautaka uenyekiti ule. Nilijua kusoma taarifa, nilijua kuongoza nyimbo, na yule mwenzangu tuliyekuwa tukitajwa pamoja sikuona alichojua zaidi ya kupika pilau ya matanga. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaza, na huku natabasamu naye.

Ada ya kwetu ni ushuhuda. Mtu akitendewa jambo na Mungu, au akitenda jambo kwa ajili yake, husimama akalisema, watu wakaitika amina. Anayekaa kimya mwezi mzima, watu huanza kumuombea. Alhamisi ile mwinjilisti wetu alitusomea jinsi Bwana alivyojifunga kitambaa kiunoni akawaosha wanafunzi wake miguu. Alipofunga kitabu akauliza: "Nani kati yenu ameosha miguu ya mtu mwaka huu?"

Nilikuwa nimesimama kabla hajamaliza.

Nikasema mimi namwosha mama wa Kiislamu, si miguu tu bali mwili mzima, na si mara moja bali kila siku. Watu wakanikodolea macho. Nilipoona wamenikodolea, nikaongeza. Nikasema mambo ya chumbani na ya mwilini ambayo sitayarudia hapa. Jina sikulitaja, lakini niliutaja mtaa, na nikataja kwamba zamani alikuwa mtu wa kuheshimiwa aliyefundisha wasichana kusoma. Kwa Mji wa Kale hayo ni zaidi ya jina. Akina mama walilia. Mwinjilisti akanishika mkono wangu wa kulia akauinua juu, akasema, "Hii ndiyo mikono ya mtumishi." Nikarudi nyumbani nikijiona mwenyekiti tayari.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilijitembeza.

Jumatatu nilifika kazini nikasema, "Sabalkheri, Bi Mkubwa." Hakuitika. Nikadhani amelala. Nikajaza maji kwenye beseni, nikafungua kanga, na mkono wangu ulipomgusa bega akasema, "Usinishike."

Nikacheka kidogo, nikidhani ananitania. "Maji ni moto leo, Bi Mkubwa?"

"Usinishike."

Binti alinivuta hadi jikoni. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia. Aliniambia kuwa Jumamosi jioni, nilipokwisha kuondoka, walikuja wageni, akina mama wa mtaa wa Kuze, kumzuru mgonjwa. Walikaa, wakanywa kahawa, kisha mmoja akamuonea Bi Mkubwa huruma kwa sauti. Akalitaja waziwazi jambo ambalo ndani ya nyumba ile tulilijua watatu tu. Mkristo mwenzangu mmoja, mwimbaji wa kwaya, alikuwa akishona nguo katika duka moja hukohuko Kuze. Alikuwa amewahadithia wateja wake ushuhuda wangu, kwa kunisifu.

"Sisi tumewaambia watu mama yuwaumwa miguu," binti alisema. "Mwaka mzima. Miguu tu. Dada, ulitutoa nguo."

Lazima nieleze, kwa msomaji wa bara asije akaona jambo dogo. Kwa watu wale, maradhi ya mtu mzima ni ya ndani. Mtu husitiriwa. Umaskini husitiriwa, ugomvi husitiriwa, na mwili wa mgonjwa husitiriwa kuliko vyote. Mimi niliyajua hayo. Nilikuwa nimekaa nao miezi mitano. Lakini kule kanisani nilikuwa nimejifunza kwamba jema lisiposemwa ni kama halikutendwa, na nikaona sheria hiyo inatosha pande zote mbili.

Siku mbili zilizofuata sizisahau. Ilikuwa kaskazi, joto limeshika ukuta. Bi Mkubwa alilala ubavu uleule. Saa mbili zikapita, zikapita nyingine mbili. Kila nikisogea, neno lilikuwa lilelile. Sasa ni binti aliyejaribu kumgeuza, na mimi nimesimama hatua mbili kutoka kitandani, mikono inaning'inia. Jumanne mchana aliingiza mikono chini ya mabega ya mama yake, akavuta, kisha akashika tumbo lake na kuketi sakafuni akihema. Nikaruka.

"Mshike huyo," Bi Mkubwa akasema, akimtazama bintiye. "Mimi usinishike."

Niliogopa. Huenda nilikuwa nauogopea mkate wangu pia, lakini zaidi ya mkate nilikuwa namwona mama yule anajiua kwa aibu niliyompa mimi, na mtoto wa binti yake huenda akatangulia.

Jumatano binti alinipa sharti. Alilisema akiwa amesimama mlangoni mwa chumba, mama yake akisikia. "Jumapili utarudi kanisani kwenu, useme mbele ya watu wote kwamba uliyonena ni urongo. Maneno yatarudi hapa kwa njia ileile yaliyokuja. Usipofanya hivyo, usirudi."

"Ni kanisani, dada," nikasema. "Niseme uongo mbele ya Mungu?"

"Mbona mara ya kwanza hukumuogopa?"

Ndipo Bi Mkubwa aliponena, taratibu, neno mojamoja kwa sababu ya ule mdomo.

"Asinene urongo kwa ajili yangu. Sitaki." Akapumzika. Kisha akaniambia mimi: "Siku nilizokuwa na nguvu, wajua kazi yangu ilikuwa nini?"

"Kufundisha wasichana, Bi Mkubwa."

"Hiyo ya mchana. Akifa mwanamke mtaa huu, nalikuwa nikiitwa mimi kumuosha. Miaka thalathini. Matajiri, maskini, wasichana, wazee. Nimeona miili yao yote. Nimeona alama za viboko kwa wake za watu wenye heshima. Nimeona mambo ambayo waume zao hawakuyaona. Umewahi kusikia?"

"La, Bi Mkubwa."

"Huyu mwanangu wa kumzaa umemsikia akisema nilimwambia?" Binti akatikisa kichwa. "Muosha akitoka chumbani humo, alichokiona hukiacha humo. Na hao walikuwa maiti, hawasikii. Mimi nasikia."

Nikamuuliza, "Basi nifanye nini?" Akageuza uso wake ukutani, kitu pekee alichoweza kukigeuza mwenyewe.

Nikaenda zangu Majengo. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi nilikaa chumbani, sikutafuta kibarua kingine. Mwili wangu ulikuwa umezoea zile saa. Ningekuwa napepeta mchele, ghafla najua: sasa ndipo ageuzwe. Nikawa natazama mikono yangu na kuichukia. Nilijaribu kusali, na kila sala ilikuwa inageuka hotuba. Nikaacha.

Jumapili kanisa lilijaa. Kulikuwa na wageni kutoka parokia ya jirani, na uchaguzi wa akina mama ulikuwa baada ya ibada. Nilikaa nyuma, lakini mwinjilisti alinitafuta kwa macho tangu wimbo wa kwanza. Muda wa shuhuda ulipofika akaniita mbele.

Nikaenda. Ningefanyaje? Nikasema, "Bwana asifiwe," wakaitika amina. Nikasema, "Leo sina ushuhuda."

Mwinjilisti akacheka kwa upole. "Dada yetu ana haya. Wageni hawajasikia habari za yule mama wa Mji wa Kale. Wasimulie tu, kama ulivyotusimulia sisi."

"Sina la kusema juu yake."

Akaniangalia. Alikuwa mtu mwema, simlaumu. Alidhani shetani amenifunga kinywa. Akaja karibu na kuniuliza kwa sauti ya chini, lakini chombo cha sauti kilikuwa mkononi mwake, kanisa zima likasikia. "Dada, yale uliyotuambia ni kweli au si kweli?"

Nikisema ni kweli, namvua Bi Mkubwa nguo mara ya pili, tena mbele ya wageni. Nikisema si kweli, nadanganya madhabahuni, na yeye mwenyewe amenikataza. Nikanyamaza. Nilisikia feni za darini. Nilisikia mama mmoja safu ya tatu akimnong'oneza mwenzake, "Kumbe alitudanganya," na mwenzake akasema, "Nilijua. Nani angemruhusu?"

Nataka nikiri hapa: sikuwa mnyenyekevu. Nilikuwa nawaka. Sentensi moja tu ingenisafisha, na ilikuwa ya kweli, imekaa kwenye ncha ya ulimi. Miezi mitano ya kuinama juu ya kitanda kile, nikiwafikiria wanaonicheka ambao hawajawahi kumwosha hata mama mkwe wao! Nilisaga meno. Nilisimama pale mpaka mwinjilisti akaniambia, kwa huzuni, nirudi nikakae.

Uchaguzi ulifanyika. Akachaguliwa yule wa pilau. Baada ya hapo hakuna aliyenipa mkono mlangoni isipokuwa yeye, na aliponipa hakuniuliza kitu. Nilitembea hadi Majengo juani nikilia kwa hasira.

Jumatatu nikaenda Kibokoni. Sikuwa na hakika kwamba nina kazi. Nilipiga hodi, binti akafungua mlango wa njiani nusu, akaziba nafasi kwa tumbo lake.

"Ulisema?"

"Sikusema uongo, dada. Sikusema na kweli. Nilinyamaza."

"Kunyamaza ndio nini? Mimi nilikwambia useme."

Sauti ya Bi Mkubwa ikatoka ndani, dhaifu kuliko nilivyoiacha. "Ni yeye? Mwache apite."

Nikaingia. Chumba kilikuwa na harufu ambayo mimi na binti tuliijua maana yake, na hatukutazamana. Bi Mkubwa alikuwa ubavu uleule. Nilisimama mbali, mahali pangu pa ile wiki iliyopita.

"Walikuuliza?"

"Waliniuliza, Bi Mkubwa. Mbele ya watu wote."

"Uliponyamaza wakanena nini?"

"Walisema mimi mwongo."

"Na ile kazi ya ukubwa uliyokuwa ukiitaka?" Sikujua kwamba aliijua. Nadhani nilikuwa nikiimba habari za uenyekiti hata nikimwosha.

"Amepewa mwenzangu."

"Ukawajibu?"

"Sikuwajibu."

Akafumba macho. Nilimsikia akivuta pumzi, ndefu, kwa shida. Binti alikuwa amesimama nyuma yangu, na nyuma yake mlango wa chumba ulikuwa wazi. Nilihisi kwamba akisema tena lile neno lake, nitatoka humo, nitashika njia, na sitajua tena la kufanya na mikono hii.

"Funga huo mlango, mwanangu," Bi Mkubwa akaniambia. "Njoo unigeuze."

Nikaufunga. Nikashika kanga, nikamfunika pote palipohitaji kufunikwa, nikaingiza mikono chini ya mabega yake na kumgeuza. Nilichokiona mgongoni mwake nimekiacha humo chumbani.