Hakuna wa kumgeuzia ufunguo

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, Mama Swichi anasimama mbele ya gari dogo jeupe lililolala bandani kwake usiku kucha. Anaweka kiganja juu ya boneti kama mzazi anayepima homa ya mtoto. Bati ni baridi. Anaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Anainama. Midomo inacheza kidogo, sauti haisikiki. Akishasema "Amina" anafungua mlango wa nyuma, anaweka simu yake juu ya kiti, karibu na tangi la mafuta, na kuiacha irekodi. Kisha anazunguka hadi mlango wa dereva, anaketi, anageuza ufunguo nusu tu, bila kuwasha.

"Nimefungua!" anaita.

Hakuna anayejibu. Bandani hamna fundi mwingine. Mwenye gari yuko nje, ameambiwa asiingie wala asiguse kitu.

Kazi hii kwa kawaida ni ya watu wawili. Mmoja hukaa kwenye ufunguo, mwingine hutega sikio nyuma, penye tangi. Ufunguo ukifika nusu, pampu ya mafuta hulia kwa sekunde kama mbili, halafu inanyamaza. Aliyeketi mbele anausikia mlio, lakini hawezi kujua kama ni mzima au unakwama. Akikimbilia nyuma, anakuta kimya.

Kwa miaka zaidi ya ishirini, aliyetega sikio alikuwa mume wake. Mke ndiye aliyekaa kitini. Fundi akiita "Fungua!" alifungua, akiita "Zima!" alizima. Wateja wakampa jina la Mama Swichi, naye akalipokea kwa kicheko.

Mumewe alifariki mwaka jana, baada ya kuugua kwa muda mfupi.

"Watu walikuja wengi kumzika," anasema. "Mungu awabariki. Walipomaliza wakarudi kwao, na magari yao."

Zamani banda hili lilipokea hata magari manne kwa siku. Sasa wiki inaweza kwisha bila gari hata moja. Spana zimepangwa ukutani kuanzia ndogo hadi kubwa, na sakafu imefagiwa mno kwa sehemu ya kazi ya namna hii.

"Wanapita hapo barabarani, wananisalimia vizuri tu. 'Habari za asubuhi, mama?' Nzuri. Gari lenyewe nalisikia linakohoa. Linapita."

Mwanawe wa pekee anafanya kazi mji wa mbali. Mwezi uliopita alimpigia simu: amepata mnunuzi wa banda na vifaa vyote, na mkewe ameshamwandalia chumba.

"Akaniambia, 'Mama, tuseme ukweli. Wewe ulikuwa unageuza ufunguo tu.' Hakusema kwa ubaya, ananihurumia. Lakini usiku ule sikulala. Nikampigia asubuhi. Nikamwambia, nipe gari moja. Moja tu, lililowashinda wengine. Likinishinda na mimi, njoo na mnunuzi wako."

Mwanawe alikubali. Gari lilipopatikana wiki hii, akasema yeye na mnunuzi watakuja Jumamosi.

Gari lenyewe ni hili jeupe, na mwenyewe anaitwa Mzee wa Mikate kwa sababu ya kazi yake: husambaza mikate madukani kabla maduka hayajafunguliwa. Alikuwa rafiki wa marehemu, na hadi leo humwita mjane wake shemeji.

"Asubuhi linazunguka, linazunguka, kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda," anaeleza. "Majirani zangu wameacha kutega saa. Lakini likishawaka, basi. Nikilizima dukani nikaliwasha tena, linapokea hapo hapo. Fundi wa kwanza kanibadilishia betri. Wa pili kasafisha stata. Wa tatu kaniwekea plagi mpya. Nikamshukuru, kesho yake ni yale yale."

Siku aliyolileta hapa nusura aharibu mambo. Kwa adabu yake yote, alilipasha moto nyumbani, akalipitisha kwenye maji, akalileta linang'aa. Mama Swichi aligeuza ufunguo mara moja tu, likawaka.

"Shemeji," alimwambia, "umemwamsha mgonjwa, umemwogesha, umemvisha nguo mpya, halafu unaniuliza anaumwa nini?"

"Nilidhani ndiyo heshima. Mtu hapeleki gari chafu kwa shemeji yake."

"Liache hapa lilale. Wewe nenda kwa miguu."

"Na mikate?"

"Mikate ina miguu yako."

Ndivyo gari lilivyolala bandani. Jana asubuhi Mama Swichi aliliwasha kama anavyoliwasha mwenye gari. Stata, mota ya kuwashia, ilizunguka kwa nguvu, tena kwa muda mrefu, ndipo gari likawaka kwa shida na kutoa moshi mweusi. Nguvu ile ilimwambia kwamba betri na stata hazina kosa. Akalizima, akaliacha lilale usiku wa pili.

Sasa anafunga ufunguo, anarudi kwenye kiti cha nyuma, anachukua simu na kuisikiliza. Kwanza inatoka sauti yake mwenyewe, ndogo, ya mbali: "Nimefungua!" Kisha mlio wa pampu, laini, usio na mikwaruzo. Kisha kimya. Anarudia kusikiliza.

"Pampu ni nzima," anasema. Halafu, bila kuulizwa: "Nimejaribu kugeuza bila kuita. Mkono unakataa."

Anarudi mbele. Anafungua ufunguo nusu, anasubiri pampu inyamaze, anafunga. Anafungua tena, anafunga. Mara ya tatu anageuza ufunguo hadi mwisho.

Gari linawaka papo hapo.

"Limewaka!" Mzee wa Mikate anapiga kelele huko nje. "Umelifanya nini?"

"Sijalifanya kitu. Nimelipandishia mafuta tu."

Anaeleza akiwa ameegemea mlango. Gari la nozeli, linalopuliziwa petroli kwa msukumo, si kama la zamani la kabureta. Linataka petroli iwe imeshasukumwa, inasubiri bombani, kabla injini haijazunguka. Hili mafuta yake yanakimbia usiku, kwa hiyo asubuhi linaanza kuyatafuta upya.

"Nimejua yanakimbia," anasema. "Sijajua yanakimbilia wapi." Uso wake haujalegea. Ni Alhamisi; mwanawe anakuja keshokutwa.

Analizima, anafungua boneti. Mzee wa Mikate anachungulia mlangoni.

"Shemeji, niache mimi nikugeuzie ufunguo. Wewe angalia huko mbele."

Mama Swichi anatikisa kichwa.

"Kesho hutakuwepo, shemeji."

Mzee wa Mikate anaachia mlango. Anarudi nje.

Juu ya injini kuna kifaa kidogo cha duara kinachotunza msukumo wa petroli. Kinaunganishwa na njia ya hewa ya injini kwa mpira mwembamba, na mpira huo hautakiwi kuwa na chochote isipokuwa hewa. Anauchomoa, anaweka kitambaa cheupe chini ya tundu la kifaa, anakwenda kitini kufungua na kufunga ufunguo mara mbili, anarudi.

Kitambaa kimelowa. Kinanuka petroli.

Utando ndani ya kile kifaa umepasuka. Badala ya kusubiri bombani, mafuta yanapenya humo na kuingia njia ya hewa. Ndiyo sababu ya moshi mweusi pia.

Mama Swichi anakishika kitambaa na kugeuka haraka, mdomo wazi, kuelekea nyuma ya gari, mahali pa mumewe. Kisha anasimama. Anakaa juu ya tairi kuukuu, kitambaa mkononi.

"Nilitaka kumwonyesha," anasema baadaye. "Nikageuka kabisa. Nikaona ukuta."

Kifaa kingine kama hicho kilipatikana siku hiyo hiyo kwa muuza vipuri vilivyotumika, na Mama Swichi akakifunga. Gari lililala tena bandani, na Ijumaa asubuhi liliwaka kabla Mzee wa Mikate hajakaa vizuri kitini. Aliondoka akipiga honi njia nzima. Honi ilipokwisha, banda likarudia ukimya wake.

Ndipo Mama Swichi alipompigia mwanawe simu na kumwambia mnunuzi asije.

"Aliniuliza gari lilikuwa na nini. Halafu akaniuliza, 'Mama, nani alikugeuzia ufunguo?' Nikamwambia, mimi. Nilisikia anapenga kamasi."

Jumamosi mwanawe alikuja peke yake. Alipima banda kwa hatua, akala, akalala usiku mmoja, akarudi kazini. Chumba kule kwake, alisema, kitabaki kimeandaliwa.

Mama Swichi hajifanyi kwamba sasa mambo ni mepesi.

"Watu wanadhani nimebaki kwa sababu siuoni upweke. Nauona. Nauombea kila siku. Lakini kule ningekuwa mpweke nisiye na kazi."

Mpango wake ni kupokea magari yanayosumbua asubuhi, yale ambayo lazima yalale ndipo yasikilizwe yakiwa baridi. Kwa sasa paa linatosha gari moja.

"Bati kumi," anasema, akionyesha kwa kidole sehemu iliyo wazi. "Nikipata bati kumi, paa linafika ukutani pale, na gari la pili linapata pa kulala."