Upepo Nilioharakisha Dukani kwa Mzee Salim

Aibu hii siifichi tena, maana hata nikiificha wenye maduka wa mtaa wetu hapa Mchafukoge wakiniona tu wanajifanya kupiga chafya.

Nilikuwa najishikiza kwenye ofisi ya dada Neema, injinia aliyekuwa ndiyo kwanza amejiajiri (mimi shule niliacha kidato cha pili, kazi nimebadilisha nyingi, ila kitu kikiwa na vitufe lazima nijue kinafanyaje kazi). Kazi yake ya kwanza ilikuwa duka la viungo la Mzee Salim, chini ya ghorofa letu: feni ifungwe wapi ili isukume vumbi la mashine ya kusaga pilipili litokee dirisha la nyuma. Akifaulu, maduka jirani yatamwita; akiharibu, ndiyo basi.

Kompyuta yake ilikuwa inakadiria upepo kwenye kila kijisehemu cha duka, inalinganisha na vya jirani, inasahihisha, inarudia, mpaka makadirio yaache kubadilika. Kwenye skrini kuna mstari wa makosa. Ukishuka mpaka chini, jibu limetulia. Siku hiyo ulishuka polepole, kama una mgomo.

Neema akaenda Buguruni kutafuta feni, akaniambia, "Angalia tu umeme. Usiguse kitu."

Nikagusa. Kuna namba inayosema kila sahihisho lichukuliwe kwa kiasi gani. Yeye aliweka sifuri nukta tatu, mimi nikaona huo ni uoga, nikaweka sifuri nukta tisa. Mstari ukaporomoka vizuri, nikajiona profesa, halafu ukaanza kuruka juu chini, juu chini, kwa sababu kila sahihisho lilipita kiasi na lililofuata likavuta upande wa pili kwa nguvu zaidi. Badala ya kuirudisha namba, nikatafuta mahali panapoiambia kompyuta kosa likiwa dogo kiasi gani isimame, nikapalegeza mara elfu. Ikasimama palepale: imemaliza.

Neema akarudi na feni, Mzee Salim na fundi wako nyuma yake.

"Mbona mapema?"

"Imewahi tu, dada."

Mishale ya upepo kwenye skrini ilikuwa inaelekea dirishani kwa adabu kabisa. Fundi akatoboa ukuta, akafunga feni, Mzee akawaita majirani waje waone, akawasha. Upepo ukagonga magunia, ukageuka, ukapitia kwenye mashine, ukatuletea pilipili yote kaunta. Wateja wakakimbilia barabarani wakipiga chafya na kulia, na watu wa barabarani wakakimbilia kuwatazama, wakapata ya kwao.

"Binti, hesabu ndiyo hii?" Mzee akauliza, macho mekundu. Neema akaanza kukusanya vitu vyake.

Nikashindwa kuvumilia. "Mzee, siyo yeye. Mimi ndiye niliyeharibu."

"Kwani na wewe injinia?"

"Hapana, mzee."

"Fundi feni?"

"Hapana."

"Sasa wewe nani?"

"Mtu wa kuangalia umeme."

Mtaa mzima ulicheka, na Mzee naye, katikati ya chafya, akampa Neema muda mpaka kesho yake.

Neema akaanza upya kwa vijisehemu vichache vikubwa, jibu likaja haraka, akalitumia kama makadirio ya kuanzia kwenye vile vidogo, na mstari ukafika chini kabla sijamaliza kuziba tundu langu la ukutani kwa saruji. Feni ikahamia ukuta wa pili, vumbi likatii, na wiki hiyohiyo jirani wa vitambaa akamwita.

Nimeapa kutoharakisha tena nisichokielewa. Neema amekubali kiapo changu, ila akitoka anaondoka na kibodi kwenye mkoba.