Karanga Zilizorudi na Gari

Ukitaka kumjua Costansia wa Kimuli, tazama vidole vyake. Vimepinda kwa kubangua karanga. Ndiyo maana jioni, kama wanawake wote wa huku, huzinyunyizia maji kabla hajalala. Asubuhi maganda yamelainika, vidole vinapata nafuu. Zilizo safi anamuuzia Methodius, mchuuzi anayezivusha mpaka wa Murongo kwenda Uganda. Zilizonyauka na kuota ukungu zinabaki nyumbani. Nani atupe chakula?

Mumewe Polikarpi, baba Jovitus, alipenda mchuzi wa karanga hizo, aumwagie juu ya ndizi. Alikula hivyo miaka na miaka. Mwishowe macho yakawa ya manjano, tumbo likajaa maji, tukamzika. Kijiji hakikukawia kupata mchawi: Komujuni, jirani yao kikongwe, aliyewahi kugombana na marehemu juu ya mpaka wa shamba. Tangu hapo Costansia hakumsalimia tena. Nasi tukamfuata, maana kwa uvivu wa kufikiri hatujambo.

Mwaka huu gari la Methodius likarudi na mzigo wake wote. Huko ng'ambo watu waliokula karanga zetu za mzigo uliotangulia walikuwa wameugua, wengine wamekufa. Bwana afya akaja, akatukusanya ghalani. Alisema ukungu ule una sumu, inaitwa sumukuvu, na haiishi kwa kuoshwa wala kwa kupikwa.

"Maji ndiyo yanayouleta ukungu. Nani hapa anazilowesha kabla ya kubangua?" akauliza.

Tulificha mikono kwenye khanga kama watoto.

"Wa ng'ambo wamekula nyingi kwa mkupuo. Anayekula kidogo kidogo miaka yote, ini lake huharibika. Macho manjano, tumbo maji."

Costansia akajishusha juu ya gunia. "Baba Jovitus," alisema, "kumbe nilikuwa nakupakulia mwenyewe." Hakulia. Machozi nayo huchoka, na mama huyu alikwisha kuyamaliza.

Tulizichoma karanga zote nyuma ya ghala. Kisha, moshi ungali nguoni, Costansia akashika njia ya migombani kwenda kwa Komujuni, njia iliyokwisha kuota majani. Nilimfuata. Hata mimi nilikuwa namwonea haya bibi yule.

Tulimkuta ukumbini anachambua maharage.

"Shikamoo, mama," alisema Costansia.

Komujuni hakuinua macho kwenye ungo.

"Marahaba. Safari hii amekufa nani?"